Kuchagua Vyombo vya Kompyuta

Watu wengi hudhani ya kuwa kompyuta ni kitu kimoja, kama jembe au sufuria: mtu huenda dukani, hutoa fedha, hurudi nacho nyumbani, na kikiharibika hukitupa. Kumbe kompyuta ya mezani ni jamii ya vyombo vingi, na kila chombo kina kazi yake, bei yake na umri wake. Mtu aweza kuvinunua kimoja kimoja, akaviunganisha mwenyewe kwa bisibisi moja. Lakini vyombo hivi havinunuliwi ovyo, maana kuna vinavyopatana na visivyopatana kabisa, na aliyevinunua bila kuuliza huenda akabaki na vitu vizima, vipya, vya thamani, visivyofanya kazi hata kidogo. Basi mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wa Ngara na Biharamulo jinsi vyombo vitatu vilivyo vikubwa vinavyochaguliwa, yaani prosesa, ubao mama na kumbukumbu. Nasi twaeleza kwa kuwa tumeifanya kazi hiyo kwa mikono yetu.

Sababu iliyotufanya tuianze ni mitihani. Sisi ni walimu watatu wa shule ya msingi katika vilima vya Ngara. Kwa miaka mingi maswali ya mitihani yetu ya muhula yalipelekwa mjini kupigwa chapa katika duka la mtu. Safari moja ikatukia ya kuwa jioni ya kuamkia mtihani wa hesabu, watoto kadha wa kadha wa darasa la sita walikutwa na maswali yote kumi ya mwanzo, yameandikwa katika daftari zao. Hatukujua ni nani aliyeyatoa, wala hatumshitaki mtu. Lakini mtoto wa mjane, aliyesoma usiku kwa taa ya sola, alishindwa na mtoto aliyenunua majibu, na jambo hilo lilituuma sote. Wazazi walipoitwa mkutanoni walisema, "Walimu, pigeni chapa maswali nyumbani kwenu, chini ya kufuli yenu." Wakachanga. Wengine walitoa shilingi, wengine debe la maharagwe, wengine fedha ya kahawa. Kioo cha kompyuta na printa vilikuwapo tayari, kwa wema wa kanisa letu. Fedha ya vyombo vilivyobaki ilitimia shilingi 1,400,000, nasi tukakabidhiwa na kutia sahihi mbele ya mkutano.

Fedha ya namna hiyo ni nzito kuliko mshahara. Mshahara ukipotea, aliyepoteza hulala njaa peke yake. Lakini debe la maharagwe la jirani likipotea, huwezi kumtazama usoni Jumapili. Mfano wa mjenzi wa mnara, katika Injili ya Luka, twaujua sote: yule aliyeanza bila kuhesabu gharama alikuwa kichekesho. Tena nchi yetu yenyewe imewahi kujifunza jambo hilo katika habari ya kompyuta hizi hizi. Miaka ya sitini Serikali ilileta kompyuta kwa ajili ya hesabu za Hazina. Kazi ikaenda vibaya, hasara ikawa kubwa, hata mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kompyuta zisiingizwe nchini. Amri hiyo iliondolewa baadaye, lakini fundisho lake lingali hai: mashine si baraka kwa kuwa ni mashine, ni baraka ikiwa imechaguliwa kwa kazi inayojulikana.

Kabla ya kununua lo lote tulijiuliza kama haifai kununua kompyuta ya mapajani iliyokwisha tumika, kama zile ziletwazo kutoka Ulaya. Twasema kweli: kwa mwalimu mmoja aishiye peke yake, asiye na umeme wa kutegemea, hiyo ndiyo njia bora, maana ina betri yake ndani nayo hula umeme kidogo. Ziko pia kompyuta za mezani za maofisini, za Dell au HP, ziuzwazo kwa bei rahisi baada ya kutumika. Ni imara, lakini nyingi zina ubao mama na kifaa cha umeme vya umbo lao wenyewe, na kikifa kimoja, kupata cha kukirithi ni kazi. Sisi tulitaka chombo cha jumuiya, kitakachodumu miaka mingi, na kila kiungo chake kiweze kubadilishwa peke yake kama mpini wa jembe. Kwa ajili hiyo tulikata shauri kuiunda wenyewe.

Sasa tueleze vyombo. Fikiri mama aliyekaa uani akichambua maharagwe. Nyuma yake kuna ghala lenye magunia. Mbele yake ametandika jamvi. Mikono yake ndiyo inayochambua. Prosesa ni ile mikono. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, ni lile jamvi. Diski ni ghala. Nao ubao mama, ambao mafundi husema mazabodi, ni ua wenyewe pamoja na njia zote ziendazo kutoka ghalani hata jamvini, na kutoka jamvini hata mikononi. Mikono ikiwa myepesi lakini jamvi ni dogo kama sahani, mama atainuka kila mara kwenda ghalani, na wepesi wake utapotea njiani. Jamvi likiwa kubwa na mikono ni mizito, maharagwe yatalala hapo. Na ua ukiwa mwembamba, hata mikono na jamvi havina msaada. Tena jua hili: umeme ukizimika, kila kilichokuwa jamvini hupeperuka, na kilichokwisha kuwekwa ghalani hubaki. Ndiyo sababu mwandishi mwenye busara huhifadhi kazi yake kila mara bila kungoja mwisho.

Prosesa ya kwanza ya namna hii, yaani iliyo nzima katika kipande kimoja, iliuzwa na kampuni ya Intel ya Marekani mwaka 1971, ikaitwa 4004. Ilikuwa na swichi ndogo ndogo kama 2,300 ndani yake. Za siku hizi zina swichi mabilioni katika kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba. Leo kompyuta za mezani zigusazo watu kama sisi hutumia prosesa za makampuni mawili, Intel na AMD, na zote mbili ni za Marekani. Zote mbili ni njema. Mtu asikubali kugombana na mwenzake kwa ajili ya majina hayo, kama vijana wagombanavyo kwa ajili ya Simba na Yanga.

Katika kuchagua prosesa, kwanza tazama kazi. Mwalimu mwenzetu aliye kijana alitaka prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Ina viini sita, yaani ni kama watu sita wachambuao kwa pamoja, na kila mmoja aweza kushika kazi mbili kwa zamu. Hakuwa na kosa kuitaka. Ni prosesa nzuri, na picha za kioo huzitoa yenyewe. Aliye mkubwa kwetu akamwuliza, "Mdogo wangu, maswali ya mtihani yana kurasa ngapi?" Akajibu, "Nne, kaka." "Na orodha ya alama?" "Majina mia tatu na kitu." Akasema, "Basi watu sita wa nini?" Kijana naye hakunyamaza, akasema, "Kaka, leo ni kurasa nne. Mwaka kesho watoto watataka kujifunza hapo, na miaka mitano ijayo programu zitakuwa nzito. Ukinunua suruali ya mtoto, huikati kwa kipimo cha leo." Wote wawili walisema kweli, na neno lile halikuamuliwa siku ile.

Pili, tazama herufi zilizo mwisho wa jina la prosesa, kwani hapo ndipo wengi wanapoumia. Kwa Intel, herufi F maana yake prosesa haina sehemu ya kutoa picha kioo. Core i3-12100 hutoa picha. Core i3-12100F haitoi, ijapokuwa nguvu za kuhesabu ni zile zile, na bei yake ni ndogo zaidi. Kwa AMD, katika jamii ya Ryzen 5000, yenye herufi G hutoa picha, lakini Ryzen 5 5600 isiyo na G haitoi. Mtu akinunua ile isiyotoa picha, hana budi kununua kadi ya picha mbali, na kadi hiyo huweza kumeza akiba yote. Jamaa mmoja wa upande wa Biharamulo aliuziwa yenye F na mchuuzi aliyemwambia kwamba ni ile ile na bei imeshuka. Akaiunganisha, feni zikazunguka, taa zikawaka, na kioo kikabaki cheusi kama usiku wa masika. Alidhani amerogwa. Hakurogwa; alikosa kusoma herufi moja.

Tatu, tazama umri wake. Programu ya Windows 10 iliachwa kutunzwa na wenyewe, kampuni ya Microsoft, tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyoifuata haikubali rasmi prosesa za zamani: kwa Intel hutaka kizazi cha nane au zaidi, na kwa AMD Ryzen za jamii ya 2000 na kuendelea, isipokuwa chache. Basi mtu akiletewa prosesa ya kizazi cha nne au cha sita kwa bei ya kutupa, ajue kwa nini imetupwa. Haina maana ya kuwa haifai kabisa. Kuna programu za Linux zisizolipiwa, pamoja na LibreOffice ya kuandikia, na kompyuta ya zamani hufanya kazi njema kwazo. Lakini anunue akijua, asinunue akidanganyika.

Sasa ubao mama. Huu ndio unaoamua ni vyombo gani vitaketi pamoja. Kila prosesa ina kiti chake, nacho huitwa soketi. Prosesa za Ryzen za tangu mwaka 2017 mpaka jamii ya 5000 hukaa katika soketi AM4. Zile za jamii ya 7000, zilizoanza mwaka 2022, hukaa katika AM5. Za Intel za kizazi cha 12, cha 13 na cha 14 hukaa katika LGA1700, na hesabu hiyo ya 1700 ni idadi ya miguso iliyo chini ya prosesa. Kiti cha huyu hakikaliwi na yule.

Tena usidhani ya kuwa kulingana kwa kiti kwatosha. Soketi iitwayo LGA1151 ilitumiwa na Intel kwa kizazi cha sita na cha saba, kisha ikatumiwa kwa kizazi cha nane na cha tisa. Jina ni moja, miguso ni 1,151 ile ile, lakini prosesa ya kizazi cha nane haifanyi kazi katika ubao wa kizazi cha saba. Ni kama ufunguo unaoingia katika kufuli na kukataa kuzunguka. Kwa hiyo, zaidi ya soketi, uliza jina la jamii ya ubao, lililopigwa chapa juu yake, kama vile H610, B660, A520 au B550, kisha tazama katika orodha ya mtengenezaji wa ubao huo kama prosesa yako imetajwa. Orodha hizo zimo katika intaneti bila malipo. Mwalimu wa sekondari aweza kukutafutia kwa simu yake katika dakika tano.

Tena kuna programu ndogo inayokaa ndani ya ubao wenyewe, iitwayo BIOS, inayouamsha kabla ya cho chote kingine. Ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa kuzaliwa huenda usiijue mpaka programu hiyo isahihishwe. Bao nyingi za B450, za mwaka 2018, hutaka sahihisho hilo ndipo zikubali Ryzen za jamii ya 5000. Mwuzaji mwaminifu hulifanya kabla hujatoka dukani. Mwombe, nawe uone kwa macho yako jina la prosesa likitokea kiooni.

Mwisho wa habari ya ubao, hesabu matundu yake. Je, una nafasi mbili za kumbukumbu au nne? Je, una nafasi ya diski ndogo mpya zinazolala juu ya ubao, ziitwazo M.2? Je, tundu la kioo ni la namna gani? Kioo chetu cha kanisa kilikuwa cha zamani, chenye waya wa VGA, nasi tulitafuta ubao wenye tundu la VGA pamoja na la HDMI, ili tusinunue kigeuzi. Na umbo lake je? Ubao wa microATX una upana wa milimita 244 na urefu wa milimita 244 au pungufu, na hukaa katika makasha mengi. Mambo haya ni madogo, lakini safari ya kurudisha kitu Mwanza si ndogo.

Kumbukumbu nayo ina vizazi vyake: DDR3, DDR4, DDR5. Kila kizazi kina pengo ukingoni, mahali pake mbali na mwenzake, hata kisiweze kuingia katika tundu lisilo lake. DDR4 na DDR5 zote zina meno 288, lakini mapengo hayalingani. Anayelazimisha kwa nguvu za mkono huvunja chombo. Bao za AM4 hutaka DDR4, za AM5 hutaka DDR5 peke yake. Bao za LGA1700 ziko za namna mbili, nyingine za DDR4 na nyingine za DDR5, na mara nyingi jina la ubao ni moja, tofauti ni alama ndogo kama D4 mwishoni. Soma mpaka mwisho wa jina.

Kwa wingi wake, gigabaiti 8 zatosha kuandika barua, maswali na orodha za alama. Gigabaiti 16 hutoa nafasi ya miaka ijayo. Tena kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi: vipande viwili vya gigabaiti 8 hufanya kazi kwa wepesi kuliko kipande kimoja cha 16, kwa kuwa ubao huvisoma vyote viwili kwa pamoja, kama ghala lenye milango miwili. Wepesi huo waonekana hasa pale prosesa inapotoa picha yenyewe, maana hukopa sehemu ya kumbukumbu hiyo kwa ajili ya kioo. Lakini ubao ukiwa na nafasi mbili tu, ukizijaza zote leo, kesho ukitaka kuongeza itakupasa kuondoa. Mtu achague akijua pande zote mbili.

Tulikuwa tumekwisha kuandika hesabu yetu, na fedha yatosha kwa prosesa ya viini sita aliyoitaka kijana, ndipo lilipotokea jambo la mbali sana. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda duniani pote. Makampuni makubwa yanayojenga nyumba za mitambo ya akili bandia yalinunua kumbukumbu kwa wingi mno, na viwanda, ambavyo vikubwa vyake ni vitatu tu, Samsung na SK Hynix vya Korea na Micron cha Marekani, vikageuza kazi yao kuwafuata wenye fedha. Basi tajiri wa Marekani alipotaka jamvi kubwa, jamvi la mwalimu wa Ngara likapanda bei. Tulipopiga simu dukani tena, hesabu yetu haikutimia.

Tulikaa jioni moja juu ya karatasi ile. Njia zilikuwa nne. Ya kwanza, kurudi kwa wazazi kuomba nyongeza. Hatukuitaka, maana ulikuwa msimu wa kupanda na kila nyumba ilikuwa imetoa. Ya pili, kununua kipande kimoja cha gigabaiti 8 na kuacha mlango wa pili wazi. Ya tatu, kununua kifaa cha umeme cha bei rahisi kisicho na jina. Ya nne, kushuka katika prosesa.

Ya tatu tuliikataa mara moja. Kifaa cha umeme ndicho mlinzi wa mlango. Kikiwa kibovu na radi ikapiga au umeme ukaruka, hufa pamoja na ubao, prosesa na kumbukumbu kwa usiku mmoja. Kwa miaka mingi umeme wa Ngara na wa Biharamulo ulitoka katika mitambo ya dizeli. Siku hizi kuna mtambo wa maji wa Rusumo katika mto Kagera, wa megawati 80, unaogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ambao mashine zake zilianza kuzalisha umeme mwaka 2023 na 2024. Nao waya mkubwa wafika Nyakanazi. Twashukuru. Lakini waya wa kijijini ungali hukatika, na radi za vilima vyetu hazijui mtambo mpya wala wa zamani.

Tukabaki na ya pili na ya nne. Ndipo yule kijana, aliyeitaka prosesa kubwa kuliko sisi sote, akavuta karatasi akasema, "Kaka zangu, prosesa yaweza kubadilishwa siku nyingine bila kubadili ua. Tukitafuta ubao ambao kiti chake chaweza kukaliwa na mkubwa baadaye, tuanze na mdogo." Tulistaajabu, maana yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Akachora hesabu mpya: prosesa Core i3-12100 isiyo na F, yenye viini vinne, ya mwaka 2022, ubao wa H610 wa DDR4 wenye soketi LGA1700, na vipande viwili vya gigabaiti 8. Kiti hicho cha LGA1700 chakubali pia prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, baada ya kusahihisha BIOS. Intel ilianza kiti kipya, LGA1851, mwaka 2024, na kwa sababu hiyo wenye fedha watauza prosesa zao za LGA1700 miaka ijayo, nasi tutaziokota kwa bei ndogo. Lile swali la viini sita au vinne likaamuliwa hivyo, bila mtu kushindwa: vinne kwa kazi ya leo, na ngazi ya kupandia imeachwa ukutani. Hesabu ikatimia, na ikabaki fedha ya kununua betri ya kushikilia umeme unapokatika.

Vyombo vilinunuliwa Mwanza. Zamani safari hiyo ilimngojesha mtu kivuko cha Busisi nusu ya siku. Siku hizi magari hupita juu ya daraja lililozinduliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, na mwenzetu alirudi na kasha lake mapajani, hakuliweka chini ya gari hata mara moja. Dukani alisoma jina la kila chombo kwa sauti, akililinganisha na karatasi, herufi kwa herufi. Mwenye duka akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe wanisahihishia kama daftari." Akajibu, "Fedha hii si yangu, mzee." Mwenye duka akaacha kucheka, akavifungua vyote, akavijaribu mbele yake.

Kuunganisha kulichukua muda wa alasiri moja. Twataja machache kwa faida ya atakayejaribu. Ondoa waya wa umeme ukutani kwanza. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika vyombo, kwa maana mwili wa mtu una umeme mdogo usiohisiwa, nao huweza kuua chombo. Katika bao za Intel miguso iliyo myembamba kama nywele imo katika soketi ya ubao. Ikipinda, ubao umekwisha, basi usiiguse kwa kidole wala kwa kitambaa. Prosesa ina alama ya pembetatu katika pembe moja. Ilinganishe na ya kwenye soketi, iteremke yenyewe bila kusukumwa. Kumbukumbu husukumwa kwa vidole gumba mpaka isikike imenasa. Usiisahau dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni. Na kama imekwisha kupakwa chini ya feni tangu kiwandani, usiongeze. Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu huingia kila mahali. Funika mashine kwa kitambaa inapolala, lakini usiifunike inapofanya kazi.

Tulipobonyeza swichi, kioo kiliandika jina la prosesa, na gigabaiti 16. Usiku ule tuliacha programu ya bure iitwayo MemTest86 ichunguze kumbukumbu mpaka asubuhi, nayo haikuona kosa. Mitihani ya muhula uliofuata ilipigwa chapa humo nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, na karatasi zikafunguliwa darasani mbele ya watoto wote. Matokeo hayakuwa mazuri kuliko ya zamani. Kusema kweli alama zilishuka. Lakini zilikuwa alama za watoto wenyewe, na mwalimu akizitazama ajua sasa ni wapi pa kuanza kufundisha. Yule mtoto wa mjane alikuwa wa nne.

Mkutanoni tulisoma mapato na matumizi, tukaonyesha risiti kila moja, na mzee mmoja aliyetoa debe la maharagwe akauliza, "Basi debe langu ni lipi humo ndani?" Watu walicheka. Lakini swali lake tulilijibu kwa uzito: tukafungua ubavu wa kasha, tukamwonyesha vile vipande viwili vya kumbukumbu, tukamweleza habari ya jamvi. Akatikisa kichwa, akasema, "Jamvi nalielewa."

Ndugu wasomaji, kama kikundi chenu, shule yenu au kwaya yenu yataka kompyuta, twawashauri hivi. Andikeni kwanza kazi mtakayofanya, wala msianze kwa kuandika mashine. Chagueni prosesa kwa kazi hiyo, mkiangalia herufi za mwisho. Chagueni ubao kwa prosesa hiyo, na mhakikishe katika orodha ya mtengenezaji. Chagueni kumbukumbu kwa ubao huo, kizazi kile kile. Msipunguze fedha ya kifaa cha umeme ili muongeze prosesa. Nanyi mnaoshika fedha ya wengine, somesheni karatasi yenu kwa mtu wa pili na wa tatu kabla ya kupanda gari. Aliye na shida ya kusoma majina ya vyombo na aje shuleni siku ya Jumamosi. Karatasi yetu tungali nayo, nasi tutakaa naye mpaka tumalize.